Namba ya siri tunayoijua watatu

Kwa miaka saba nilikuwa wakala wa fedha za simu Chikongola, hapa Mtwara mjini, ndani ya kibanda cha mbao kisichozidi hatua mbili kwa mbili. Katika miaka hiyo nilizijua namba za siri za watu wengi mno. Sikuzitafuta, nililetewa. Mzee anafika, ananyoosha simu dirishani, anasema, "Mwanangu, nitolee elfu ishirini, namba yangu ni..." na kabla sijamzuia ameshazitaja tarakimu zote nne, foleni nzima nyuma yake ikisikia.

Kanuni ya uwakala inajulikana: namba ya siri ya mteja huiulizi, huiandiki, huibonyezi. Naikubali kwa moyo wote. Lakini aliyeitunga alimfikiria mteja anayeiona menyu, anayesikia simu ikiita na mwenye vidole vyote kumi. Waliobaki walikuja dirishani kwangu, nikawa macho yao au masikio yao kwa dakika tano tano. Niliwapenda na waliniamini. Leo nataka kusema kwamba imani ile ilikuwa inaniuma, kwa sababu aliyenipa hakuwa na njia nyingine.

Kulikuwa na mama mmoja muuza karanga, haoni tangu utotoni. Noti zake alizikunja kwa mpango wake mwenyewe: elfu kumi mikunjo miwili, elfu tano mkunjo mmoja, elfu mbili ameiviringisha, elfu moja imenyooka. Akitia mkono kwenye kibindo anatoa anachokitaka bila kukosea, na sikumbuki mtu aliyewahi kumpunja chenji. Kisha wateja wake wakaanza kulipa kwa simu. Mama yule ambaye hesabu zake hazikuwahi kupotea hata shilingi mia akawa anawauliza watoto wa jirani, "Hebu niangalieni, imeingia?" Hela ya karatasi aliiweza peke yake. Ya kwenye kioo ilimhitaji mtu.

Ila aliyenifanya niandike haya ni mjomba wangu.

Kwetu Wamakonde mjomba si ndugu wa pembeni. Ndiye mshika ukoo; shauri la ndoa na la msiba haliishi bila neno lake. Wangu analima korosho upande wa Mahuta, wilaya ya Tandahimba. Macho yalianza kumsumbua msimu wa 2018, ule ambao serikali ilitangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na malori ya jeshi yakaja kubeba magunia. Alidhani ni salfa ya kupulizia mikorosho iliyomwingia. Hospitali wakamwambia ni presha ya macho, ile inayokula uono taratibu kutoka pembeni kuja katikati, bila maumivu, na kilichokwenda hakirudi. Kufika 2021 alikuwa anajua tu kama ni mchana au usiku.

Simu yake ilikuwa kiswaswadu cha vitufe, na katika kupiga hakupata shida hata siku moja. Chukua simu yoyote ya vitufe, upapase namba tano. Utakuta kinundu kidogo, au kijistari kilichoinuka. Ni alama iliyokubaliwa kimataifa: kidole kikishaketi juu ya tano, kinajua nne iko kushoto, sita kulia, mbili juu, nane chini, na sifuri chini ya nane. Wanaoona wengi wameishi na kinundu hicho miaka yote bila kujiuliza ni cha nini. Mjomba alikuwa akipiga namba yangu haraka kuliko ninavyoipiga mimi. Tone la plastiki tu, na asiyeona akawa anapiga simu kama wenzake. Kila ninaposikia mtu akisema kuwafikiria wenye ulemavu ni gharama kubwa, nakikumbuka kinundu kile.

Kasoro ya kiswaswadu ni kwamba ni bubu. Ujumbe ukiingia kinalia mara moja, basi. Na korosho siku hizi hazikabidhiwi mnunuzi mkono kwa mkono. Unapeleka ghala la chama cha msingi, zinakwenda mnadani, fedha inaingia benki, na habari yake inakuja kwa ujumbe kwenye simu. Jasho la mwaka mzima, kuanzia palizi mpaka kuokota, linaishia kwenye mistari mitatu ya maandishi. Asiyeweza kuisoma anasubiri asomewe.

Aliyekuwa akimsomea mjomba ni kijana wa palepale nyumbani. Sitasema ana undugu gani naye. Msimu mmoja mjomba alikuwa na kilo 480 ghalani, na bei baada ya makato ilikuwa 2,050. Mjomba hakusoma sana, lakini hesabu ya korosho anaipiga akiwa amelala chali: laki tisa na elfu themanini na nne. Ujumbe ulipoingia, kijana akamsomea laki saba na elfu themanini na nne. Mjomba akasema ahsante.

Niliijua habari hiyo miezi mingi baadaye, tumekaa barazani usiku. Nikapandwa na hasira, nikamuuliza kwa nini alinyamaza. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Nilijua siku ileile, mwanangu. Lakini nikimsema, kesho nani atanisomea?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi mjini na swali lile, nikakaa nalo dirishani kwangu wiki nzima, nikiwatazama waliokuja kunitajia namba zao. Hata yake mjomba niliijua. Kijana pia aliijua. Namba ya siri ya mtu mmoja, tukawa tunaijua watatu.

Nikanunua simu janja iliyotumika, nikafunga kibanda, nikapanda gari kwenda Tandahimba.

Jambo ambalo sikulijua mpaka mwezi ule, na nimeshika simu za watu miaka saba, ni kwamba karibu kila simu ya Android ina uwezo wa kusema ndani yake. Kisoma skrini chake kinaitwa TalkBack, na Google ilikitoa mwaka 2009, mwaka uleule Apple ilipoweka kisoma skrini chake, VoiceOver, kwenye iPhone 3GS. Hulipii. Unaingia Mipangilio, unatafuta sehemu ya ufikivu, unakiwasha. Na ukishaweka njia ya mkato, kubana vitufe viwili vya sauti kwa pamoja sekunde tatu kunatosha kukiwasha na kukizima. Kikiwashwa, simu inabadili tabia. Ukigusa kitu hakifunguki, kinajitaja jina. Ukitaka kukifungua unagonga mara mbili haraka, popote pale kwenye kioo. Ukitelezesha kidole kwenda kulia unafika kwenye kitu kinachofuata, kushoto unarudi, na kusogeza ukurasa unatumia vidole viwili. Nimewahi kuona mtu amekiwasha kwa bahati mbaya, akadhani simu imeharibika, akaenda kwa fundi na kulipa elfu tano ili "inyamazishwe". Fundi hakumweleza ni kitu gani, pengine naye hakujua.

Siku tatu za kwanza zilikuwa ngumu kwetu sote wawili. Kidole cha mjomba kimezoea kubonyeza, na kioo hakitaki nguvu. Nikimwambia agonge mara mbili, anagonga, anatulia, anagonga tena, kama anayebisha hodi kwa mkwe. Ngozi yake imekomaa kwa mpini wa jembe, kuna wakati kioo hakikumsikia kabisa. Tulipobandua plastiki ya kinga ikawa afadhali. Jioni ya pili aliiweka simu chini akasema hiki kitu ni cha watoto wa mjini, tuache. Hatukuacha.

Kisha likaja suala la sauti. Simu ilikuwa inasema Kiingereza, na ujumbe wa Kiswahili ukisomwa kwa sauti ya Kiingereza hauna neno hata moja unaloweza kulishika. Nikaweka bando, nikapakua sauti ya Kiswahili ya Google. Ipo pia eSpeak, ya bure, inayosema lugha zaidi ya mia moja na Kiswahili kimo. Inasikika kama bati likigongwa, lakini ni nyepesi hata kwa simu dhaifu. Ukishazipakua, zote zinafanya kazi bila mtandao, na kwa mtu ambaye mtandao anaupata akisimama kwenye kichuguu nyuma ya nyumba, hilo ni jambo kubwa.

Ujumbe wa kwanza simu ile kumsomea mjomba ulikuwa tangazo la bando. Aliusikiliza mpaka mwisho, ameinamisha kichwa, kama anasikiliza barua ya ndugu aliye mbali. Akaniambia, "Rudia." Nikamwambia arudie mwenyewe. Akatelezesha kidole kushoto, akarudia. Akarudia tena.

Kwenye pesa ndipo tulipogonga ukuta. Wengi wetu huku tunatumia menyu ya nyota na reli, ile isiyohitaji bando. Sauti inaanza: moja, tuma pesa, mbili, toa pesa, tatu... Haijafika sita, menyu imejifunga, muda umekwisha, unaanza upya. Mwenye macho anairuka orodha kwa sekunde mbili. Anayesikiliza lazima asubiri kila neno lipite, na aliyepanga ule muda hakumhesabu. Mjomba akatafuta dawa yake: akaikariri njia nzima kwa tarakimu, kama mtoto wa chuoni anavyokariri sura, akawa anaibonyeza bila kusubiri isomwe. Ikafanya kazi miezi kadhaa. Siku moja kampuni ikapanga upya menyu yake, kilichokuwa cha tatu kikawa cha nne, na mjomba akajikuta ananunua muda wa maongezi asioutaka. Alinipigia akiwa amefadhaika kama mtu aliyeamka akakuta mlango wa nyumba yake umehamishiwa ukuta mwingine.

Zaidi ya hilo, kwenye menyu ile namba ya siri inaandikwa waziwazi, hivyo kisoma skrini kinaitaja kwa sauti, tarakimu moja moja, mbele ya yeyote aliye karibu. Kilichotuokoa ni hedifoni ya waya. Kati ya vyote nilivyomnunulia ndicho kitu rahisi kuliko vingine, na ndicho kilichomrudishia siri yake.

Tulijaribu pia programu ya benki. Alipogusa juu kulia: "kitufe". Chini yake: "kitufe". Katikati: "kitufe". Programu nzima ilikuwa ikisema neno hilohilo. Nilikuja kueleweshwa na kijana mmoja anayeandika programu kwamba kila kitufe kina nafasi ya jina ambalo machoni halionekani lakini kisoma skrini hulisoma, na mtengenezaji akiiacha tupu, sauti haina la kusema. Neno moja tu: "Tuma". "Salio". "Rudi". Vijana mnaotengeneza programu hizi, nawaomba jambo hili dogo: kabla hamjazitoa, washeni TalkBack, fungeni macho, mjaribu kumtumia mama zenu elfu tano.

Na sisi wa huku tusiwatupie mzigo watu wa Dar es Salaam tu. Matokeo ya mnada yanapotoka, yanasambazwa WhatsApp kama picha ya karatasi yenye mhuri. Kisoma skrini kikifika hapo kinasema "picha". Wakulima wote kwenye kundi wanajua bei ya leo isipokuwa mjomba. Nimemwomba katibu wa chama chao aandike mstari mmoja chini ya picha, tani ngapi na bei ya juu na ya chini. Siku anazokumbuka anaandika, na siku hizo mjomba hampigii mtu simu kuuliza.

Mtu akiniuliza kama nilimnyang'anya kiswaswadu, jibu ni hapana. Kupiga na kupokea bado anatumia kile cha kinundu, na simu janja ni ya kusomea. Huwa naudhika nikiwaona watu wakimtupia mzee simu yake ya vitufe kwa kuwa wamemletea "nzuri zaidi". Mwenye kujua iliyo nzuri ni mkono unaoitumia.

Sasa nikiishia kwa wasioona nitakuwa nimemdhulumu fundi cherehani wangu. Ni kiziwi, dada mwenye mkono mwepesi kuliko wote waliowahi kunishonea, na menyu za simu anazikimbiza nisivyoweza mimi. Ujumbe mfupi ndio maisha yake. Siku moja laini yake ikafungwa, na maelekezo yaliyokuja yalikuwa: piga simu huduma kwa wateja. Akaja kibandani, akaniandikia kwenye daftari nimpigie. Nikapiga. Yule wa upande wa pili, kwa upole kabisa, akataka kuzungumza na mwenye laini. Nikamwambia mwenye laini hasikii. Akasema anaelewa, lakini utaratibu ni kuzungumza na mwenye laini mwenyewe. Nikamsogezea simu dada yule mdomoni, akatoa sauti anayoweza kutoa, na simu ikakatwa. Alinitazama usoni kujua walichojibu. Sikujua nimwandikie nini kwenye lile daftari.

Nilipokuja kusoma habari za Alexander Graham Bell, aliyepewa hati miliki ya simu mwaka 1876, nilimkumbuka dada yule. Mama yake Bell alikuwa na uziwi, mkewe alikuwa kiziwi, na yeye mwenyewe alikuwa mwalimu wa viziwi. Chombo kilichotoka nyumbani kwao kikawaacha nje watu kama mama na mke wake karibu miaka 90, mpaka mwaka 1964 Robert Weitbrecht, mwanafizikia wa Marekani ambaye mwenyewe alikuwa kiziwi, alipopata njia ya kupitisha maandishi ya taipureta kwenye waya wa simu wa kawaida. Baadaye sheria ya Marekani ya mwaka 1990 ikaagiza pawepo watu wa kati kwenye simu, wanaomsomea anayesikia maneno ya kiziwi na kumwandikia kiziwi majibu. Fundi cherehani wangu hadai hata hilo. Anadai namba ya kuandikia ujumbe, na mtu wa kumjibu kwa ujumbe.

Na hapa kuna jambo linalonitatiza. Sauti za kurekodi za WhatsApp zimekuwa neema kwa mjomba. Anabana, anasema, anaachia, habari imefika. Kundi la ukoo wa fundi cherehani nalo limejaa sauti hizohizo, na yeye amekaa humo kama mgeni barazani kwake. Google ilianza kupokea Kiswahili kwa kuandika kinachosemwa mwaka 2017, kwa hiyo kugeuza sauti kuwa maandishi kunawezekana. Lakini katika ukoo, kabla ya programu yoyote, mtu mmoja angeweza kuandika chini ya sauti: "Bibi amelazwa." Fundi wangu alichelewa siku mbili kujua hilo.

Wapo pia ambao hawajawahi kujiita watu wenye ulemavu. Mei 2019 usajili wa laini kwa alama za vidole ulipoanza, nilipanga foleni za wanawake wanaobangua korosho. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayounguza ngozi. Ukibangua kwa mikono miaka mingi, ncha za vidole huwa nyeusi na laini, mistari imelika. Mashine inakataa. Osha mikono, jaribu cha kati. Paka mafuta, jaribu gumba la kushoto. Mama mmoja alirudi mara nne, akaanza kuficha mikono ndani ya khanga akinijia, kana kwamba kosa ni lake. Januari 20, 2020 laini zisizosajiliwa zilipoanza kufungwa, yake ilikuwa bado haijatambuliwa. Korosho hizo ndizo zinazoitangaza Mtwara duniani.

Sheria ipo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara yake ya 9 inataja habari na mawasiliano pamoja na majengo na barabara. Mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Tumeanza kuzoea kuona ngazi za mteremko kwenye milango ya ofisi. Menyu inayojifunga kabla haijasomwa ni ngazi isiyo na mteremko, ila haionekani, kwa hiyo hakuna anayeipiga picha.

Siku ya mwisho ya wiki ile Tandahimba nilimwambia mjomba abadili namba yake ya siri. Akavaa hedifoni, akaishika simu kwa mikono miwili, akanyamaza. Nikageuza uso, mazoea ya kibandani. Akasema, "Ondoka kabisa, mwanangu." Nikaenda kusimama chini ya mkorosho, nikangoja. Ilimchukua muda mrefu. Nilimsikia akianza upya mara tatu, na nilijizuia nisirudi kumsaidia. Kisha akaita kwa sauti, "Tayari!" Yule kijana alikuwa akifagia uwanja. Aliinua kichwa, akaendelea kufagia.

Msimu uliofuata mjomba alinipigia alfajiri, hata salamu hakuimaliza. "Imeingia," akasema, na akanitajia kiasi mpaka shilingi ya mwisho, polepole, kama anavyosema ile sauti. Kisha akaniuliza, "Nimesoma sawa?"

Nikamwambia, "Sijui, mjomba. Mimi sijauona ujumbe wako."